DAFTARI MOJA, MAJINA YENU
Maneno kwa wakazi, na hasa kwa wale wanaokwenda Mununga kuvua na kuchuuza samaki



Wengi mmeniuliza swali moja. Kwa nini karani wa chakula na karani wa zahanati wote wanataka kuona kadi ileile, na kwa nini kila mmoja anatazama kompyuta kwanza ndipo akujibu? Wengine mmeongeza: hiyo kompyuta inamfaa nani, sisi au mashirika? Ni swali la haki, na nitalijibu bila kuzunguka.

Zamani kila shirika lilikuwa na daftari lake. Wa chakula alikuwa na lake, wa maji lake, wa shule lake. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye meza ya chakula, katika kambi nyingine, si hii. Siku moja alikuja mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto yule alikuwa na kadi ya kliniki, amechanjwa, amepimwa uzito mara tatu. Lakini katika daftari langu kaya ile ilikuwa na watu wanne, na mtoto hakuwemo. Nikampa posho ya watu wanne. Meza ya kliniki ilikuwa kama hatua hamsini tu kutoka yangu, na bado ilichukua miezi minne hadi daftari langu kusahihishwa. Kaya nzima ilikuwa ikigawana chakula cha watu wanne kwa watu watano, na mimi nilikuwa nafanya kazi yangu sawasawa kabisa.

Hapo ndipo lilipoanzia wazo la daftari moja. UNHCR, ambayo wengi wenu mlizoea kuiita HCR, ilianza kutumia programu iitwayo proGres katika miaka ya mwanzo ya 2000. Mwanzoni kila nchi au kila kambi ilikuwa na nakala yake katika kompyuta zake. Toleo la nne la programu hiyo limeunganishwa: maandishi yanatunzwa mahali pamoja, mbali na hapa, na makarani wanayafikia kwa njia ya intaneti. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita "wingu". Msitazame juu. Ni kompyuta kubwa zilizo katika jengo fulani, zinazofikiwa kama mnavyopiga simu. Mtandao ukikatika karani husubiri, nanyi mkasubiri naye juani, na hilo najua limewachosha.

Sasa, shirika linapata faida gani? Chukueni mfano wa pampu ya maji. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni kwamba pampu moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500. Sehemu fulani ikiandikwa kuwa na watu 480, mhandisi ataona pampu moja yatosha. Ikiwa watu halisi ni 700, kwa sababu wageni walioingia wako katika daftari la mapokezi tu, akina mama watapanga ndoo tangu alfajiri na mhandisi hataelewa wanagombana kwa nini. Daftari likiwa moja, namba ya walioingia anaiona naye, na anaweza kuomba pampu ya pili akiwa na ushahidi mkononi.

Au vyandarua. Nchelenge ni moja ya wilaya za Zambia zinazoteswa sana na malaria. Kanuni ya kugawa ni kama chandarua kimoja kwa watu wawili. Ukiagiza kwa kufuata orodha ya zamani, watoto waliozaliwa tangu hapo hawamo katika hesabu, na mbu hasomi orodha. Katika jambo hili zahanati hailazimiki kutoa jina la mgonjwa yeyote. Inatosha itoe jumla: sehemu hii wagonjwa wangapi, sehemu ile wangapi. Ugonjwa wako ni siri yako na mganga, hata daftari likiwa moja.

Faida nyingine ni imani ya wanaotoa fedha. Uganda, mwanzoni mwa mwaka 2018, kulitokea madai kwamba idadi ya wakimbizi imeongezwa. Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa na orodha yake na UNHCR ina mfumo wake. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo watu wote waliitwa wahakikiwe kwa alama za vidole na mboni za macho. Hesabu ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Si wote waliopungua walikuwa majina hewa; wengine walikuwa wamekwisha kuhama au hawakufika. Lakini wafadhili walipata namba wanayoweza kuiamini.

Hapa nisipowaambia upande wa pili nitakuwa nimewadanganya. Daftari likiwa moja, kosa nalo huwa moja, na hukufuata kila meza. Kule Kenya, maelfu ya raia wa eneo la Garissa waliwahi kujiandikisha katika kambi za Dadaab wakati wa njaa, wengine wakiwa watoto walioandikishwa na wazazi wao. Walipokuwa watu wazima wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole zikasema: wewe ni mkimbizi. Wakanyimwa, na wengi walihangaika miaka mingi. Tena daftari kubwa huvutia wezi. Mwezi Januari 2022 Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulitangaza kwamba wahalifu wameingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na ndugu zao vitani. Zambia ina sheria ya kulinda habari za watu, ya mwaka 2021. Mna haki ya kuuliza: habari hizi mnazichukua za nini, na nani ataziona?

Sasa nije kwenu wa Mununga. Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Machi ikifika, vijana wanateremka ziwani, na akina mama wanawafuata kununua chisense. Silaumu, posho haijawahi kusomesha mtoto. Ila uhakiki ukiitishwa wakati huo, kompyuta haijui kuwa uko Mununga. Inajua tu kuwa hukuonekana. Mtu asipoonekana mara kwa mara, faili lake laweza kusimamishwa, na likisimamishwa linasimama kwenye meza zote kwa pamoja. Zamani ungekosa chakula lakini jina la mwanao likabaki shuleni.

Hivyo basi, kabla ya kuondoka chukua kibali cha kutoka, na mwachie kiongozi wa sehemu yako habari ya mahali ulipo na siku utakayorudi. Usimwachie jirani kadi yako akuchukulie posho; vidole vyake si vyako, na mtaingia matatani nyote wawili. Mtoto akizaliwa huko ziwani, omba karatasi ya kliniki ya huko na uilete kwenye meza ya kuandikisha, usisubiri uhakiki.

Na ukifika mezani, mwombe karani akusomee kwa sauti yaliyoandikwa: majina ya kaya nzima, umri wa kila mmoja, na mahali ulikotoka. Ukisikia kosa, lisemwe na lirekebishwe papo hapo mbele yako. Akikwambia hana nafasi, nenda dirisha la malalamiko ukaandike siku na saa. Mimi karani wa zamani nawaambia: yule mama mwenye mtoto mgongoni alikuja mezani kwangu mara saba, na mara zote saba sikumsomea chochote.

 Sasa naomba maswali, tukianza na akina mama walioko nyuma.