Kanisa la Udongo Lililovikwa Simiti

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya udongo. Tunajua wengine mtacheka. Udongo si ndio tunaoukanyaga kila siku? Lakini tumeletewa swali na kikundi cha kigango kimoja, na swali lenyewe si la kucheka. Wana kanisa la zamani la matofali mabichi, lile ambalo babu zao waliyafyatua kwa mikono. Ukuta umelika kwa chini, na upande unaopigwa na mvua umebanduka. Kikundi kimechanga pesa mwaka mzima. Sasa wamegawanyika: nusu wanataka ukuta upigwe plasta ya simiti, nusu wanataka kanisa libomolewe lijengwe la mawe. Wakatuuliza, ninyi watu wa maendeleo mnasemaje?

Kabla ya kuwajibu tuliwasimulia habari ya mbali kidogo, na ninyi pia tutawasimulia.

Huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, kuna kijiji kinachoitwa Ranchos de Taos. Nchi ile ni kavu kama kwetu, mvua ni haba, ijapokuwa wao huona theluji wakati wa baridi. Zamani ilitawaliwa na Hispania. Mapadre Wafransisko walijenga makanisa kwa vitu walivyovikuta pale pale, yaani udongo na miti ya milimani. Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi la kijiji hicho lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1800, kabla utawala wa Hispania haujaisha mwaka 1821. Baadaye nchi ikawa ya Meksiko, na tangu 1848 ikawa ya Marekani. Kanisa ni lile lile, na watu bado wanasali ndani yake.

Tofali lao linaitwa adobe, neno ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu. Ni udongo wa mfinyanzi na mchanga, ukachanganywa na majani makavu, ukakandwa kwa maji, ukatiwa kwenye kalibu ya mbao na kuanikwa juani. Hakuna tanuri, hakuna kuni. Wale mnaosoma kitabu cha Kutoka, sura ya 5, mtakumbuka jinsi Farao alivyowanyima Waisraeli majani ya kufyatulia matofali. Majani hayo si mapambo. Yanashika udongo usipasuke ukikauka.

Ukuta wa kanisa hilo ni mnene sana, kwa hiyo mchana ndani kuna baridi na usiku joto halitoki haraka. Juu, boriti za mti mzima zimelazwa juu ya vipande vya mbao vilivyochongwa. Na kwa nyuma, ili ukuta usianguke, walirundika nguzo kubwa za udongo za kuuegemeza, za mviringo, zinafanana na vichuguu vyetu. Ajabu ni kwamba kanisa hili limejulikana duniani kwa mgongo wake kuliko uso wake! Mchoraji Georgia O'Keeffe aliuchora mgongo huo, na Ansel Adams akaupiga picha.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 1967 waumini walichoka. Kukandika udongo mara kwa mara ni kazi, ninyi mnajua. Wakaona afadhali simiti: piga mara moja, maliza. Wakalivika kanisa plasta ngumu. Likapendeza. Lakini simiti hupata nyufa ndogo ndogo, nyingine huzioni kwa macho. Maji ya mvua yakaingia humo, na unyevu mwingine ukapanda kutoka ardhini, na yote yakakosa njia ya kutokea. Ni kama mtu aliyevaa koti la mpira kwenye jua: jasho lote linabaki mwilini. Mwaka 1979 walipoibandua ile simiti walikuta matofali ndani yameloa na kuanza kurudi kuwa tope. Nje ilikuwa nzuri, kumbe ndani inakufa.

Basi wakabadilisha matofali yaliyooza na kurudia udongo. Tangu hapo, kila mwaka mwezi wa Juni, waumini hukusanyika kwa muda wa wiki mbili hivi kulikandika kanisa lao. Vijana wanachanganya udongo na majani, wengine wanabeba. Kwa desturi ya kule, mabingwa wa kulainisha ukuta ni akina mama. Sasa hiyo si mwethya? Sisi tulipoisikia mara ya kwanza tulidhani tunasimuliwa habari za Mwingi.

Tuseme ukweli, sisi wenyewe tumewahi kukosea hapo. Miaka iliyopita tulishauri kikundi kimoja kipige simiti kwenye ghala lao la nafaka, la matofali mabichi. Tulisaidia hata kununua mifuko. Baada ya misimu michache plasta iliachana na ukuta, ikaanguka vipande vipana kama sahani, na mahindi ya upande ule yakashika ukungu. Akina mama hawakutusema sana, lakini tuliona haya.

Kwa hiyo kile kigango tuliwajibu hivi. Msipige simiti. Pesa mlizochanga zinunue mabati ya kurefusha paa ili maji yaanguke mbali na ukuta, na gata, na tangi. Maji yanayokula ukuta wenu ni yale yale mnayoyafuata mtoni Septemba. Chimbeni mtaro kuzunguka kanisa. Matofali yaliyolika chini yatoeni kidogo kidogo, mtie mapya ya udongo ule ule, tena yaliyokauka kabisa. Halafu mkandike kwa udongo, majani na samadi ya ng'ombe kama nyumba za nyanya zetu. Upande wa mvua kali mnaweza kupaka chokaa, kwa sababu chokaa huacha ukuta upumue. Na mchwa mwatazame kila mwezi, hao hawana dini.

Wale wanaotaka kanisa la mawe hatuwalaumu. Wanaona udongo ni umaskini, na wageni wakija wanaona aibu. Lakini pale Malindi kuna kanisa dogo sana la Wareno, ambako Mtakatifu Fransisko Xaveri alipita mwaka 1542 akienda India. Paa lake ni makuti tu. Ni mali ya urithi wa taifa, linatunzwa na Makumbusho ya Taifa, na watalii wanalipa kuliona. Hakuna aliyesema libomolewe kwa sababu ya makuti. Na kanisa la mawe, hata likijengwa, pesa zilizopo zitafika msingi tu. Misingi iliyoota nyasi tunayo ya kutosha katika kaunti zetu zote mbili.

Kikundi bado hakijaamua. Kitapiga kura Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya misa, na sisi tutakuwepo ila hatutapiga kura. Wakikubali, kazi itafanywa Agosti, kabla mvua za Oktoba hazijaanza.

Kwa sasa kila kikundi kilete chupa moja ya kioo yenye udongo wa kwao, theluthi moja, juu yake maji. Tikiseni, acheni hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, nasi tutapima pamoja upi unafaa kwa tofali. Jaribuni na udongo wa kichuguu pia. Udongo mweusi msisumbuke nao, unapasuka. Na wenye punda tafadhali mje nao siku ya kazi, maji ni ya kuteka mbali.