Dawa, Damu na Mbio za Masafa Marefu

Mwanariadha wa masafa marefu hukwama pale misuli inapodai oksijeni nyingi kuliko damu inavyoweza kuifikisha. Erithropoietini, yaani EPO, ni homoni ya figo inayochochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ile ya maabara, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, huongeza chembe hizo kwa mtu mzima wa afya pia. Nadharia ni nyepesi. Kazi iko kwenye vipimo.

Mfano unaotajwa mno ni mwendesha baiskeli Lance Armstrong, aliyekulia Plano, kaskazini mwa Dallas. Mwaka 2012 alivuliwa mataji saba ya Tour de France ya 1999 hadi 2005 kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Mwaka 2015 jopo la usuluhishi liliagiza yeye na kampuni iliyomiliki timu yake wailipe SCA Promotions ya Dallas, iliyokuwa imedhamini bonasi za ushindi wake, dola milioni 10. Lakini mataji hayo hayaonyeshi dawa inaongeza kiasi gani. Shirika la Marekani la kudhibiti dawa hizo lilieleza kwamba kati ya nafasi 21 za jukwaani miaka hiyo, 20 zilishikwa na watu waliohusishwa nazo. Washindani wote wakijichoma sindano, pengo baina yao halipimi sindano.

Ushahidi ulio imara zaidi umetoka kwa watafiti wa Glasgow na wenzao wa Kenya. Wakimbiaji 19 wa Uskoti walitumia EPO kwa wiki nne, na 20 wa Kenya waliozoea nyanda za juu vivyo hivyo; makundi yote mawili yalipunguza muda wa mita 3,000 kwa takribani asilimia 5. Kuishi mlimani, basi, hakukuziba nafasi ya dawa.

Wanaopinga kwamba EPO inasaidia hutaja jaribio la Uholanzi la 2017, ambapo waendesha baiskeli 48 wasio wa kulipwa walipanda Mont Ventoux. Waliopewa EPO walitumia saa 1:40:32, waliopewa dawa bandia 1:40:15. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyosikika: mbio zilifanyika siku kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na maabarani nguvu ya juu kabisa ya kundi la EPO ilikuwa imepanda.

Imani nayo ina sehemu yake. Wakimbiaji 15 waliojichoma maji ya chumvi wakidhani ni dawa kama EPO waliboresha kilomita 3 kwa asilimia 1.2.

Kiasi hicho si kidogo. Januari 2022, Keira D'Amato alikimbia marathoni ya Houston kwa 2:19:12, akaivunja rekodi ya wanawake wa Marekani kwa sekunde 24. Rekodi hiyo haina shutuma yoyote na inatajwa kwa hesabu tu: asilimia 1 ya muda huo ni takribani sekunde 84. Dawa inayotoa theluthi ya hapo inatosha kuamua rekodi ni ya nani.