Enaji, Usingizi na Moyo wa Kijana

Kopo dogo la enaji, la mililita 250, huwa na miligramu 80 hivi za kafeini, karibu sawa na kikombe kikubwa cha kahawa. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi hicho peke yake si cha kutisha. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliweka kikomo cha miligramu 400 kwa siku, na zisizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kwa mjamzito, 200 kwa siku nzima. Kwa hiyo mada hii haina ugomvi na mzee anayekunywa kahawa yake chungu kijiweni kwa kashata.

Ugomvi upo kwenye unywaji wenyewe. Kahawa ya moto hunywewa kidogo kidogo. Enaji ni ya baridi na tamu, inashuka kwa dakika mbili, na kopo la pili hufunguliwa kabla la kwanza halijafanya kazi. Makopo ya nusu lita yapo yenye miligramu 160. Anayekunywa mawili ya namna hiyo, akaongeza chai ya asubuhi na kahawa ya jioni, ameshavuka kikomo bila kujua.

Kafeini haiupi mwili nguvu mpya. Kadiri mtu anavyokaa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini hukalia nafasi ambapo adenosini ingetua. Uchovu unabaki palepale, ila umefungiwa mlango kwa muda.

Madereva wa usiku ndio wanaopaswa kulielewa hili kuliko wote. Mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia. Dereva wa bodaboda aliyekunywa saa nne usiku bado ana nusu yake saa tisa usiku. Akirudi nyumbani kulala, usingizi ni wa mang'amung'amu, na siku inayofuata anaianza kwa kopo jingine. Dereva wa lori la masafa marefu, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, yuko hatarini zaidi, kwa kuwa kafeini ikipungua, usingizi wote uliozuiwa unamdai akiwa kwenye usukani. Hakuna kinywaji kinachofanya kazi ya kulala.

Moyo nao una lake. Mwaka 2019 jarida la Chama cha Moyo cha Marekani lilichapisha jaribio la watu 34 wenye afya, wa miaka 18 hadi 40, waliokunywa karibu lita moja ya enaji kwa muda wa saa moja. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba muda ambao moyo hutumia kujiandaa kwa pigo linalofuata ulirefuka kwa milisekunde 6 hadi 8 hivi kuliko walipopewa kinywaji bandia, na presha ilipanda. Kwa moyo mzima, tofauti hiyo huenda isionekane. Kwa mtu aliyezaliwa na hitilafu ya umeme wa moyo asiyoijua, yaweza kuvuruga mapigo kabisa.

Lakini hata moyo usio na hitilafu si kinga. Mwezi Aprili 2017, huko South Carolina, Marekani, mwanafunzi wa miaka 16 alianguka darasani akafariki. Ndani ya saa mbili hivi alikuwa amekunywa kahawa ya maziwa, soda yenye kafeini na enaji. Mchunguzi wa vifo hakukuta ugonjwa wowote wa moyo uliojificha. Alitaja kafeini nyingi iliyoingia kwa haraka.

Kwa watoto hesabu ni kali zaidi. Kipimo cha Ulaya kwao ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 anafikia 90, yaani kopo moja dogo, na ndani yake mna takriban gramu 27 za sukari. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014. Poland ikafuata Januari 2024. Inauma kuona kopo hilohilo likiuzwa kwa mtoto aliyevaa sare ya shule bila muuzaji kuuliza lolote.

Kuchanganya enaji na pombe ni hatari ya aina yake. Kafeini humfanya mlevi ajione yu mzima, ilhali ulevi haujapungua hata kidogo, naye huendelea kunywa au hushika usukani. Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza vileo vilivyotiwa kafeini.

Mapendekezo ni haya. Kamati za shule ziondoe enaji kwenye maduka ya ndani ya shule. Dereva anayesinzia aegeshe chombo mahali salama alale, japo dakika 20. Na kijana ambaye moyo unamwenda mbio, kifua kinambana au anaona kizunguzungu baada ya kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja, na mhudumu aambiwe ni makopo mangapi, ya ukubwa gani na saa ngapi, kwa sababu mikono inayotetemeka na jasho jingi vyaweza kudhaniwa kuwa ni kitu kingine.