Kumfundisha Mtoto Kuanzia Alipo: Yale Shule za India Zinayotufunza Walimu wa Musoma, Bunda na Butiama

Mada kwa ajili ya semina ya walimu wa shule za msingi, Kata ya Kamunyonge, Manispaa ya Musoma



1. Utangulizi

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa uamuzi unaojulikana nchi nzima kwa jina la mji wetu. Azimio la Musoma lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Wananchi walifyatua matofali. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha, wakijifunza kwa posta, kwa redio na kwenye vituo vya kata. Wengi wetu tuliokaa humu tulifundishwa kusoma na walimu hao, na tunawiwa nao.

Safari ile haikunyooka. Uandikishaji ulishuka michango na ada ziliporudi, ukapanda ada ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza 2002, ukapanda tena Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza. Leo mtoto wa Kamunyonge akifikisha umri, jina lake linaandikwa. Swali la 1974 tumelijibu kwa sehemu kubwa. Lililobaki ni hili: mtoto aliyeandikishwa anajifunza nini?

Nimeichagua India kwa sababu imepita njia inayofanana na yetu. Katiba yao ya 1950 iliahidi elimu ya bure na ya lazima kwa watoto hadi miaka 14, na ikaweka muda wa miaka 10 kuitimiza. Ahadi ilichelewa mno. Sheria ya Haki ya Elimu ilipitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika Aprili 2010. Kama sisi, walifanikiwa kuwajaza watoto madarasani, kisha wakagundua kwamba wengi wao hawasomi. Wamelishughulikia tatizo hilo hadharani kwa takribani miaka 30, kwa majaribio yaliyofaulu na yaliyoshindwa, na yote mawili yana faida kwetu.

Hoja yangu ni moja. Mtoto afundishwe kuanzia pale uwezo wake ulipo, si pale darasa lake linapotaka awe. Na kazi hiyo ipewe muda wake maalumu kwenye ratiba. Mafunzo kwa walimu bila muda huo hayatambadilisha mtoto.

2. Tatizo lilivyojulikana

Mwaka 2005 shirika la Pratham la India lilianzisha upimaji uitwao ASER. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba vijijini wakiwa na karatasi moja yenye ngazi nne: herufi, maneno, aya fupi, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto alisomeshwa peke yake, kwa dakika chache, mbele ya wazazi wake. Ilionekana kwamba karibu nusu ya watoto wa darasa la tano vijijini hawakuweza kuisoma hadithi ya darasa la pili. Hali hiyo imepanda na kushuka kidogo tangu wakati huo, lakini haijaondoka.

Karatasi ya ASER ndiyo iliyozaa upimaji wa Uwezo katika Afrika Mashariki, ulioanza Kenya mwaka 2009 na kufuatiwa na Tanzania na Uganda mwaka 2010. Ripoti ya kwanza ya Uwezo nchini mwetu ilionyesha kwamba mwanafunzi mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza shule ya msingi hakuweza kusoma Kiswahili cha kiwango cha darasa la pili. Mtoto huyo alikaa nasi miaka saba. Alivaa sare, alikimbia mchakamchaka, alifagia uwanja, akaitika jina lake kila asubuhi.

Kwa nini hutokea hivyo? Jibu mojawapo limetoka jirani kabisa, Busia, magharibi mwa Kenya. Mchumi Michael Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada katika shule zilizokuwa na uhaba, wakitegemea ufaulu upande kwa wote. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine vitabu viliwapita juu, kwa sababu vilikuwa kwa Kiingereza na kwa kiwango ambacho hawajakifikia.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Mtaala unakwenda na kalenda. Azimio la kazi linasema wiki hii ni mada fulani, mwalimu anaifundisha, na mthibiti ubora akija anakuta andalio la somo limekamilika. Mtoto asiyejua silabi anabaki nyuma darasa la pili, la tatu anakuwa nyuma zaidi, na akifika la nne ananakili ubaoni kwa mwandiko mzuri maneno asiyoweza kuyasoma. Walimu wenzangu, daftari safi limetudanganya mara nyingi.

3. Wahindi walifanya nini

3.1 Kupanga watoto kwa kiwango

Pratham lilianzia Mumbai mwaka 1995, kwenye mitaa ya watu maskini. Njia waliyoikuza ni rahisi kueleza. Watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano wanapimwa kwa karatasi ya ngazi. Kwa saa moja au mbili kila siku madarasa yanavunjwa: wa herufi wanakaa pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja, bila kujali darasa. Kila kundi linafanya kazi za kiwango chake, kwa sauti, kwa michezo, kwa kadi, kwa kusimulia na kuandika. Mtoto akipanda, anahama kundi hata katikati ya mwezi. Saa ikiisha, kila mmoja anarudi darasani kwake na mtaala unaendelea.

Njia hii ilipimwa kwa miaka mingi na watafiti wakiwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao pamoja na Kremer walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa utafiti wao wa kupambana na umaskini. Katika matokeo yao kuna jambo moja ambalo naomba tulichukue kwa uzito. Huko Bihar na Uttarakhand walimu wa serikali walipewa mafunzo na vifaa vya njia hii, lakini katika masomo ya kawaida ya mwaka hakuna kilichobadilika. Walirudi shuleni, wakabanwa na mtaala. Huko Haryana serikali ilitenga saa moja kila siku kwa kazi hiyo tu, na wasimamizi wa shule wakatakiwa kwanza kufundisha wenyewe kwa njia hiyo kabla ya kuwasimamia walimu. Huko watoto walipanda katika kusoma. Mafunzo yalifanyika kote. Kilichoitofautisha Haryana ni muda uliotengwa na msimamizi aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

3.2 Hatua za kila mtoto

Mwaka 1995 pia, katika eneo la Heggadadevanakote, jimbo la Karnataka, walimu wa serikali walianza mpango uitwao Nali Kali, wakijifunza kutoka shule ndogo za vijijini za Rishi Valley. Somo liligawanywa katika hatua ndogondogo, kila hatua na kadi yake, na ukutani palikuwa na chati ya hatua ambayo mtoto mwenyewe aliweza kuiona na kujua amefika wapi. Watoto wa madarasa ya mwanzo walikaa pamoja kwa makundi. Mtoto aliyekosa wiki mbili hakupotea. Alirudi kwenye hatua aliyoiacha. Sisi wenye watoto wanaohama na wazazi kati ya mialo ya uvuvi, au wanaobaki nyumbani msimu wa kupalilia, tunajua thamani ya jambo hilo.

3.3 Sayansi kwa vitu vya pale pale

Huko Hoshangabad, jimbo la Madhya Pradesh, mwaka 1972 zilianza shule 16 kufundisha sayansi kwa majaribio yaliyofanywa na watoto wenyewe, kwa vifaa vya bei ndogo na vitu vya shambani. Mwaka 1978 mpango ulienea wilaya nzima. Hata mtihani ulibadilishwa, mwanafunzi akaruhusiwa kuingia na kitabu, kwa kuwa alipimwa kufikiri badala ya kukariri. Serikali ya jimbo iliufunga mwaka 2002. Ulidumu miaka 30, na umetuachia ushahidi kwamba mwalimu wa kawaida wa kijijini anaweza kufundisha hivyo akisaidiwa. Sisi tuna Ziwa Victoria mlangoni. Sato na dagaa wa kuchunguza, mawe ya kupanga kwa aina, magugu maji, upepo wa ziwa na wa nchi kavu: yote hayo ni maabara isiyohitaji bajeti.

3.4 Chakula na kiboko

Mambo mawili ya nje ya andalio la somo yana nguvu kubwa ndani yake. Jimbo la Tamil Nadu lilipanua sana chakula cha mchana shuleni mwaka 1982, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliagiza chakula kilichopikwa kitolewe katika shule za msingi za serikali nchi nzima. Mtoto mwenye njaa saa tano asubuhi hafundishiki, na kamati zetu za shule zinazochangisha mahindi ya uji zinafanya kazi ya ualimu.

La pili ni kiboko. Sheria ya India ya 2009 inakataza adhabu ya mwili na ya kumtesa mtoto kisaikolojia. Kanuni zetu za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kumbukumbu ya maandishi. Hakuna mahali zinaporuhusu kumchapa mtoto kwa kushindwa kusoma neno. Tufahamiane hapo, kwa sababu kundi la herufi likigeuka kundi la kuchapwa, hakuna mtoto atakayekubali kuonyesha asichokijua.

4. Tulichonacho tayari

Hatuanzi sifuri. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili wamekuwa na mtaala uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK). Mradi wa EQUIP-Tanzania ulifika Mara, na sasa mkoa wetu umo katika mpango wa Shule Bora. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) umetupa jumuiya za kujifunza ambako walimu wanakaa kusaidiana. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unadai umahiri, si kukariri.

Pengo letu liko kwa watoto waliokwisha kuvuka darasa la pili bila kushika KKK. Hao hawana kipindi, hawana kitabu, na mara nyingi hawana anayewahesabu.

Lugha nayo tuitazame kwa upole. Mjini watoto wengi wanakuja na Kiswahili, lakini wengi wa vijijini Butiama na Bunda wanakuja na Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya au Kiluo. Sera ya elimu ya India ya 2020 inahimiza lugha ya nyumbani itumike, inapowezekana, angalau hadi darasa la tano. Sera yetu ni Kiswahili, nami naiunga mkono. Lakini mwalimu wa awali anayemfafanulia mtoto neno moja kwa Kijita ili alielewe la Kiswahili anamvusha, na asionekane mkosaji.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila shule ipime wanafunzi wote wa darasa la tatu hadi la tano kwa karatasi moja ya ngazi nne, mtoto mmoja mmoja, bila alama na bila kutangaza nafasi. Walimu wa shule wakigawana, kazi inamalizika ndani ya wiki.

Pili, itengwe saa moja kila siku ya masomo, muda ule ule kwa madarasa yote matatu, isiyoguswa na kikao wala mtihani wa majaribio.

Tatu, makundi yapangwe kwa ngazi. Kundi la silabi lianze na maneno ya hapa: sa-to, sa-nga-ra, m-tu-mbwi, mi-ho-go. Kundi la hadithi lisome, lisimulie upya, kisha liandike la kwao.

Nne, Maafisa Elimu Kata na walimu wakuu wafundishe kundi moja wenyewe kwa wiki mbili za mwanzo. Somo la Haryana ni hilo.

Tano, upimaji urudiwe kila baada ya wiki sita, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa wazazi kwa idadi ya kila ngazi, bila majina.

Najua pingamizi. Mtasema madarasa yana watoto zaidi ya mia wakati mwongozo unataka 45. Ni kweli, na hatutaacha kudai walimu. Lakini watoto mia wa ngazi moja wanafundishika zaidi kuliko mia wa ngazi nne tofauti. Mtasema mada hazitakwisha. Kwa mtoto asiyesoma hazijawahi kwisha. Sisi ndio tuliozimaliza. Mtasema mkubwa wa darasa la tano ataona aibu kukaa na wa la tatu. Aibu hiyo inapungua mwalimu asipoitamka, na inakwisha siku anapohama kundi.

6. Hitimisho

Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, hapa hapa mjini, mwaka 1934, akiwa mmoja wa watoto wachache waliopata nafasi. Miaka 40 baadaye mji huu ulitoa azimio la kuwapa nafasi wote. Sehemu iliyobaki haihitaji azimio la taifa. Iko ndani ya mamlaka ya walimu wakuu na Maafisa Elimu Kata walioketi humu, nami naomba tusitawanyike kabla kila shule haijataja saa yake na tarehe ya upimaji wa kwanza.

Kwa majadiliano ya vikundi, naomba tujibu haya:

(a) Ni saa gani ya siku inayofaa shuleni kwenu, na kipindi kipi kitapunguzwa ili ipatikane?

(b) Nani shuleni kwenu atafundisha kundi la herufi, na kwa nini asiwe mwalimu wenu hodari kuliko wote?

(c) Watoto wa mialoni wanaohama katikati ya muhula watapokewaje na shule wanayohamia ili waendelee kutoka ngazi waliyoifikia?