Kompyuta Iliyokataa Kuwaka
Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Nimepewa dakika kumi, na Katibu amekwisha kunionya kwamba pilau iko tayari. Nitasema jambo moja tu, nalo ni ile kompyuta ambayo vijana wa Chama cha Kompyuta waliiunda wenyewe kwa michango yenu, na ambayo kwa majuma matatu ilikataa kuwaka. Nalisema hadharani kwa sababu maneno mengi yamepita, na mengine yalimwangukia asiyestahili.

Fundi akiambiwa kompyuta haiwaki, bado hajaambiwa kitu. Iko ile isiyotoa hata pumzi: unabonyeza, feni haizunguki. Hapo tazama umeme, swichi ya nyuma ya pawasaplai, na zile waya mbili nyembamba za kitufe cha kuwashia. Iko inayowaka sekunde moja ikazima. Shuku shoti, pengine skrubu iliyodondoka chini ya madabodi. Iko inayozungusha feni na kuwasha taa, lakini skrini ikabaki nyeusi. Na iko inayoandika kwenye skrini kwamba haioni diski ya kuanzia. Hiyo ya mwisho aghalabu imekwisha kupona. Angalia diski yako na mfumo uliouweka. Yetu ilikuwa ya tatu.

Ya tatu ndiyo inayowapoteza watu, maana feni zinavuma na kila mtu anaamini umeme umefika kote. Sivyo. Mbali na plagi kubwa ya matundu 24, prosesa ina waya wake wa umeme, wenye matundu manne au manane, na feni huzunguka hata ukiusahau. Kijiti cha rami kisiposhindiliwa mpaka kilie, skrini haitaona kitu. Waya wa skrini ukichomekwa kwenye madabodi badala ya kadi ya picha, ni vivyo hivyo. Vijana walivikagua vyote hivi, wakaitoa madabodi na kuilaza juu ya boksi lake, wakajaribu kijiti kimoja kimoja, na kila hatua wakaiandika daftarini. Nimeona mafundi wa mishahara mikubwa wasiofanya hivyo.

Sasa, madabodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo: ya prosesa, ya rami, ya picha na ya diski. Kwenye yao iliwaka ya prosesa, ikaganda. Hapo ndipo hukumu ilipotolewa: prosesa imekufa. Na prosesa ilinunuliwa na mweka hazina, kijana wa Kidato cha Tano aliyetumwa mjini peke yake. Kutoka "imekufa" mpaka "alinunua mtumba akatia chenji mfukoni", bwenini ni safari ya usiku mmoja. Kikao cha kumwondoa kilikwisha kupangwa siku ya Ijumaa.

Lakini taa ile haisemi hivyo. Ukibonyeza kitufe, pawasaplai hungoja kwanza volti zitulie, kisha huipa madabodi ishara kwamba mambo ni sawa. Ndipo prosesa huanza kusoma bayosi, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya madabodi, na ukaguzi huendelea: prosesa, rami, picha, diski. Taa hubaki pale safari ilipokwama. Kwa nini imekwama, hilo ni swali jingine.

Nikaomba nione maboksi na risiti. Madabodi ilikuwa ya soketi AM4 yenye chipseti ya B450, aina iliyotoka mwaka 2018. Prosesa ilikuwa Ryzen ya mfululizo wa 5000, uliotoka Novemba 2020. Soketi ni ile ile, na prosesa inakaa bila taabu. Ila bayosi iliyoandikwa kabla yake haiitambui. Ni kama bawabu wa getini mwenye orodha ya mwaka jana: mtoto wa Kidato cha Kwanza ana sare kamili na sanduku kichwani, lakini jina lake halimo.

Tulipakua bayosi mpya ya modeli ile ile hasa, maana hata herufi ya mwisho ya jina ina maana, tukaitia kwenye flashi na kuipa jina kama kitabu cha madabodi kinavyoagiza. Kwa bahati, madabodi ile ina kitufe cha kupakia bayosi bila kutegemea prosesa. Zisizo nacho, itakubidi uazime prosesa ya zamani kidogo. Mwalimu wa Fizikia alituletea yu-pi-es ya ofisini, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo waweza kubaki na madabodi isiyofaa kitu. Tulikaa dakika kadhaa, taa ikimeta, hakuna aliyesema neno. Kisha tukawasha. Taa ya prosesa ikazimika, ya rami ikazimika, picha ikatokea.

Na risiti? Ilikuwa imebandikwa daftarini tangu siku ya kwanza, bei na jina la prosesa vikiwa sahihi, shilingi kwa shilingi. Hakuna aliyeifunua. Ijumaa kikao kilifanyika, lakini kwa ajenda nyingine: kijana aliombwa radhi. Alikubali kuendelea na hazina kwa sharti moja, kwamba tangu sasa wanaokwenda mjini kununua vitu wawe wawili. Mimi naona ana haki.

Ndugu zangu, Chama hakina mita ya kupimia volti, wala pawasaplai ya akiba, wala hata kijiti kimoja cha rami cha kujaribia. Na mwenye prosesa ya zamani ya AM4 iliyolala kabatini nyumbani, anione kabla hajaondoka.