Mianzi Isivuke Mpaka

Leo tuzungumze juu ya mianzi ile uliyopanda nyuma ya nyumba ili upate fito, na sasa inasogelea mihogo ya jirani.

Mianzi mingi ya majumbani, ya kijani na ya njano, huota kwa kichaka. Haitambai mbali chini ya ardhi. Hupanuka pembeni kila mvua. Basi pigania pembeni. Kubaliana na jirani mpaka uko wapi. Mvua zikikolea, kuanzia Novemba, zunguka kichaka kila baada ya siku chache. Chipukizi lililovuka mpaka livunje kwa jembe lingali laini. Likikomaa, ni kazi ya sururu na mtaimbo, na jasho lake unalijua. Ya katikati yaache yakue. Kiangazi, kata yale yaliyotimiza miaka 3.

Kuchoma moto hakusaidii, maana shina lenyewe liko ardhini.

Tena angalia sana vipande vibichi. Mwanzi mbichi wenye vifundo ukilala penye unyevu huota. Hata nguzo ya uzio huota! Wako waliojenga uzio wakapata msitu. Kausha kabisa kwanza. Wala usitupe vipande kwenye mfereji unaokwenda Luiche, kwani maji yatampandia mwenzako wa bondeni.

Lakini kama kichaka kiko ukingoni mwa mto, usiking'oe. Hapo kinashika udongo usiporomoke. Kipunguze tu.