Nikifa, Nani Atamlea?

Mtoto mwenye ulemavu wa akili akiwa na miaka 7, majirani humpakata. Akifikisha 25, humkwepa. Shule imekwisha, kazi hakuna, na mama wa miaka 60, mgongo ukimuuma, bado anamwogesha na kumnyoa ndevu. Usiku hujiuliza: nikifa, nani atamlea?

Tanzania inayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ni ngao, lakini sheria haipiki uji. Wazazi, msingoje mpaka mlazwe hospitali. Iteni ukoo leo. Mtajeni mlezi, andikeni wosia, na ndugu zake wajifunze sasa dawa zake, chakula chake na ishara zake. Ahadi za matangani huishia matangani.